Ijue anwani ya kompyuta yako kabla hujamlaumu mwenzako

Nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, wengi wetu tulidhani ni jambo la maofisi na vyuo vikuu. Leo kisanduku chenye taa ndogo-ndogo kimekaa juu ya kabati la sebuleni, na nyumba nzima inakitegemea. Baba anapokea barua za kazi, mama anauza vitambaa vyake, kijana anasoma chuo, na wadogo wanafuatilia somo la tajwidi kwa mwalimu aliye mji mwingine.

Pamoja na manufaa hayo, kisanduku hicho kimeleta aina mpya ya ugomvi. Bando la mwezi limekwisha kabla ya nusu ya mwezi: nani kalimaliza? Printa iliyochapisha jana leo haionekani: nani kaigusa? Intaneti inakwenda kwa kusuasua kila jioni: je, jirani ameingia? Maswali haya huulizwa kwa hasira, na mara nyingi jibu huangukia mgongoni mwa yule asiye na mtetezi ndani ya nyumba, yaani mtumishi wa kazi, mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma, au kijana ambaye tayari ana sifa ya kupenda simu.

Juma hili tunapenda kuzungumzia jambo dogo ambalo lingemaliza sehemu kubwa ya mizozo hii, nalo ni kuijua anwani ya kompyuta yako katika mtandao wa nyumbani. Si elimu ya mafundi peke yao. Mzazi yeyote awezaye kusoma namba ataimudu kwa dakika chache.

Anwani hii ni kitu gani?

Kila chombo kinachojiunga na mtandao, iwe kompyuta, simu, televisheni au printa, hupewa namba ya kukitambulisha. Namba hiyo huitwa anwani ya IP. Huandikwa kwa mafungu manne yaliyotenganishwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.23, na kila fungu huanzia 0 na kuishia 255. Bila namba hiyo, ukurasa ulioomba kuusoma usingejua uende kwa nani miongoni mwa vyombo vyote vilivyomo nyumbani.

Kile kisanduku chenye taa mafundi hukiita ruta, na kazi yake tutaielewa upesi tukikumbuka sanduku la posta. Shule yenye wanafunzi mia tano haina masanduku mia tano. Ina S.L.P. moja. Barua zote hufika katika sanduku hilo, kisha karani huzichukua, husoma jina lililoandikwa chini, na kuzigawa: hii ya darasa la sita, hii ya mwalimu mkuu. Mtu aliye nje anaijua S.L.P. tu, wala hajui mwanafunzi analala bweni gani.

Ruta ndiyo karani huyo. Kwa nje nyumba yako nzima inajulikana kwa anwani moja iliyotolewa na kampuni inayokuuzia intaneti. Hiyo ndiyo S.L.P. Kwa ndani, ruta imempa kila mmoja namba yake: kompyuta ya baba, simu ya mama, televisheni ya sebuleni. Tunapozungumzia anwani ya kompyuta katika mtandao wa nyumbani, tunakusudia hii ya ndani.

Kwa nini pawe na anwani mbili?

Anaweza kuuliza mtu: kwa nini kila chombo kisipewe anwani yake kamili inayojulikana duniani kote? Sababu ni uhaba. Utaratibu wa namba hizi za mafungu manne uliandikwa rasmi mwaka 1981, wakati ambapo kompyuta zilizounganishwa duniani zilikuwa chache sana. Jumla ya anwani zote zinazoweza kutengenezwa kwa njia hiyo ni 4,294,967,296. Zilionekana nyingi kupita kiasi. Leo hazitoshi hata binadamu wote kupata moja-moja, na wengi wetu tuna vyombo viwili au vitatu. Mnamo Februari 2011 mafungu makubwa ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa kwa taasisi tano za kanda, na ile inayolihudumia bara letu la Afrika, AFRINIC, ina makao yake nchini Mauritius.

Wataalamu waliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1996 waliafikiana kuyatenga makundi matatu ya anwani yawe ya matumizi ya ndani tu, nyumbani na maofisini. La kwanza ni zile zote zinazoanza na 10. La pili ni kuanzia 172.16 hadi 172.31. La tatu, ambalo ndilo mashuhuri majumbani, ni zile zinazoanza na 192.168. Kwa hiyo kompyuta yako mjini Tanga na kompyuta ya mtu mwingine mjini Muscat zinaweza zote kuwa 192.168.1.23 kwa saa ileile, na zisigongane, kama vile kila shule inavyoweza kuwa na Darasa la Sita lake.

Upo pia mtindo mpya wa anwani ndefu zaidi, zenye tarakimu na herufi zilizochanganywa na kutenganishwa kwa alama ya nukta mbili. Huo unaitwa IPv6, na uliundwa ili uhaba huu usirudi tena. Ukiuona kwenye skrini yako usishtuke. Kwa kazi za nyumbani tunazozieleza hapa, namba ya mafungu manne, inayoitwa IPv4, inatosha.

Namna ya kuitafuta

Katika kompyuta ya Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R. Kitatokea kijisanduku cha kuandikia. Andika cmd kisha bonyeza Enter. Utafunguka ukurasa mweusi. Usiuogope, kwani kuuliza tu hakuharibu kitu. Andika neno moja, ipconfig, na ubonyeze Enter tena. Yatatokea maelezo kadhaa kwa mafungu, fungu moja kwa kila njia ambayo kompyuta inaweza kuitumia kujiunga na mtandao. Fungu lililoandikwa "Media disconnected" ni njia isiyotumika kwa sasa, lipite. Tafuta fungu la Wi-Fi, au la Ethernet ikiwa umeunganisha kwa waya. Humo soma mstari wa "IPv4 Address". Hiyo ndiyo anwani ya kompyuta yako. Chini kidogo utaona mstari wa "Default Gateway". Hiyo ni anwani ya ruta yenyewe, yule karani, nayo utaihitaji baadaye. Ziandike zote mbili.

Asiyependa ukurasa mweusi anaweza kufungua Mipangilio yenye alama ya gurudumu la meno, aingie sehemu ya mtandao na intaneti, achague mtandao anaoutumia na kufungua sifa zake. Akishuka chini ataiona namba ileile.

Katika kompyuta za Apple, bonyeza alama ya tufaha iliyo pembe ya juu kushoto, ingia katika mipangilio ya mfumo, chagua Wi-Fi, kisha bonyeza "Details" pembeni mwa jina la mtandao wako. Katika kompyuta zinazotumia Linux, fungua ukurasa wa kuandikia amri na uandike ip addr.

Simu nazo zina anwani. Kwa simu za Android, ingia Mipangilio, kisha Wi-Fi, na uguse alama iliyo pembeni mwa jina la mtandao uliojiunga nao. Baadhi ya simu huiweka anwani katika sehemu ya "Kuhusu simu". Kwa iPhone, ingia mipangilio ya Wi-Fi na uguse ile herufi i iliyo ndani ya duara.

Namba hiyo inasema nini?

Kuipata namba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuisoma, kwa sababu mwanzo wa namba unaeleza hali ya kompyuta.

Ikianza na 192.168 au 10, kompyuta imepokewa vizuri na ruta. Ikiwa intaneti haifanyi kazi ilhali namba ni ya aina hii, tatizo huenda liko mbele ya kompyuta: bando limekwisha, au kampuni ina hitilafu. Hapana haja ya kumgombeza mtoto kwamba ameiharibu kompyuta.

Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba namba na haikujibiwa, ikaamua kujipa yenyewe. Ni kama mgeni aliyebisha hodi, asifunguliwe, akaketi barazani. Hapo angalia waya kama umechomoka, au uzime ruta kwa nusu dakika na kuiwasha tena.

Ukiona 127.0.0.1, hiyo si anwani ya nyumbani. Kila kompyuta duniani hujiita hivyo inapojisemesha yenyewe, na namba hiyo haikufai kwa kazi yoyote ya kuunganisha chombo kimoja na kingine.

Na ikianza na 172.20.10, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba kompyuta haiko katika mtandao wa nyumbani kabisa. Imejiunga na iPhone ya mtu anayegawa intaneti ya simu yake. Tunalitaja hili kwa sababu ndilo hueleza kisa cha printa "iliyogoma". Printa iko kwenye mtandao wa ruta, kompyuta iko kwenye mtandao wa simu ya kaka. Ni watu wawili walio nyumba mbili tofauti wanaotafutana. Ikiwa mafungu matatu ya mwanzo ya anwani ya kompyuta na ya printa yanafanana, kwa mfano 192.168.1, basi kwa kawaida viko nyumba moja. Yakitofautiana, unganisha kompyuta na mtandao wa nyumbani kwanza, kisha uchapishe.

Sababu nyingine ya printa kupotea ni kwamba namba hizi si milki ya kudumu. Ruta huzikodisha kwa muda. Muda ukiisha, au umeme ukikatika na kurudi, chombo kinaweza kupewa namba nyingine. Kompyuta inaendelea kuitafuta printa mahali pa zamani, nayo imekwisha kuhama. Ruta nyingi zina sehemu ya kuiwekea printa namba isiyobadilika, na mwenye duka dogo la kuchapisha nyumbani afanye hivyo mara moja apumzike.

Nyumba yenye bando la GB 100

Sasa tuje kwenye jambo lenye uzito. Tuseme kuna nyumba inayonunua bando la GB 100 kwa mwezi. Kwa miezi mingi limetosha. Kisha mtoto wa dada yake baba akaja kutoka Pangani kusoma chuo, akiwa na kompyuta mpakato yake. Mwezi wa kwanza, bando likaisha siku ya 12. Mezani pakawa na ukimya. Mwezi wa pili, hali ileile. Mke wa mjomba hakusema neno mbele yake, lakini alisema jikoni na maneno yakatembea. Kijana akaanza kusoma usiku barazani kwa bando la simu yake, na kula kwake kukapungua. Hakuna aliyemuuliza, na hakuna aliyemtetea.

Katika nyumba kama hii hatua ya haki ni kuhesabu kabla ya kuhukumu. Chukua ile anwani ya ruta uliyoiandika, huenda ikawa 192.168.1.1, 192.168.0.1, 192.168.8.1 au 192.168.100.1. Fungua kivinjari unachosomea kurasa za intaneti, uiandike pale juu na ubonyeze Enter. Ruta itakuuliza jina na nenosiri. Mara nyingi vimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kisanduku. Ukiingia, tafuta orodha ya vyombo vilivyounganishwa. Utaona kila kimoja kwa jina, anwani yake ya IP, na namba nyingine ya mafungu sita ambayo kiwanda hukitambulishia chombo.

Kisha izungukie nyumba ukiwa na karatasi. Soma anwani ya kila simu na kila kompyuta kama tulivyoeleza, na uiwekee alama kwenye orodha. Hii ni ya baba. Hii ya mama. Hii kompyuta ya kijana. Hii televisheni. Baada ya robo saa kila namba ina mwenyewe, na ile isiyo na mwenyewe itajitokeza.

Yafuatayo ni mahesabu tu. Video ya ubora wa juu inaweza kula kadiri ya GB 3 kwa saa moja. Televisheni iliyowekewa kaswida baada ya isha, watu wakalala, nayo ikaendelea kucheza moja baada ya nyingine kwa saa tatu kila usiku, inakula GB 9. GB 100 ukigawa kwa 9 unapata siku 11 na ushei. Siku ya 12 bando limekwisha, na hakuna mtu aliyeketi mbele ya ile televisheni. Ruta nyingine huonyesha kiasi alichotumia kila mmoja. Kwa zisizoonyesha, kompyuta ya Windows yenyewe huweka hesabu ya matumizi yake ya siku 30 zilizopita katika sehemu ya mtandao na intaneti, na simu za Android zina hesabu kama hiyo. Kijana anaweza kuifungua mbele ya mjomba wake na hesabu ikasomwa na wote. Ikiwa ametumia GB 8 kwa mwezi mzima, ni nani aliyestahiki kuombwa radhi?

Tumekatazwa dhana mbaya, na wengi tunayajua makatazo hayo kwa moyo. Lakini dhana huzaliwa pale ambapo hakuna njia ya kuhakikisha. Hapa njia ipo, haina gharama, na huchukua muda mfupi kuliko ule tunaoutumia kunong'ona.

Chombo kisicho na mwenyewe

Je, orodha ikionyesha chombo kisichojulikana? Tunawasihi wasomaji wasikimbilie kumshuku jirani. Zipo sababu tatu za kawaida za kutangulia.

Ya kwanza, ni chombo chenu mlichokisahau: kamera ya mlangoni, kisimbuzi, saa ya mkononi, au simu ya zamani anayochezea mtoto. Ya pili, ni simu yenu iliyobadilisha utambulisho. Kuanzia Android 10 na iOS 14, simu nyingi huificha ile namba ya kiwandani na kutumia namba ya kubuni kwa kila mtandao, ili mwenye simu asifuatiliwe anapopita mahali na mahali. Kwa hiyo simu ya mama inaweza kuonekana ruta ikiwa na sura ya mgeni. Ya tatu, ni mgeni mliyemkaribisha wenyewe. Kumbuka siku za harusi, au khitma, nyumba imejaa watu, kila mmoja anaomba nenosiri na anapewa. Simu ikishalijua nenosiri hailisahau. Kila apitapo karibu, inajiunga yenyewe, pengine mwenye simu asijue.

Namna rahisi ya kuhakikisha ni kuzima Wi-Fi katika vyombo vyenu kimoja-kimoja huku mkiangalia orodha. Kisichoondoka baada ya vyote kuzimwa ndicho kigeni. Ruta nyingine huchelewa kukifuta chombo kilichoondoka, hivyo subirini dakika kadhaa kabla ya kutoa kauli.

Kikithibitika kuwa kigeni, dawa yake si kwenda kugonga mlango wa jirani kwa ukali. Badilisheni nenosiri la Wi-Fi, na vyombo vyote vitatoka kwa pamoja. Watakaorudi ni wale mliowapa upya. Na ikiwa jirani alikuwa akitumia kwa sababu watoto wake wana masomo na hana uwezo, huenda mkaamua kwa hiari yenu kumpa. Tofauti baina ya kilichochukuliwa na kilichotolewa ni ruhusa. Kwa upande wa pili, yule anayejua nenosiri la mwenzake bila idhini na akaendelea kulitumia, ajue kwamba bando lile lina mwenyewe aliyelilipia, hata kama nyaya hazionekani kwa macho.

Wenye wageni wengi waulizie kama ruta yao ina mtandao wa wageni. Huo una jina na nenosiri lake, unaweza kufungwa shughuli ikiisha, na mara nyingi humzuia mgeni asizifikie kompyuta na printa za nyumbani.

Anwani haioni mkono

Hapa tunataka kuweka mpaka. Anwani hutambulisha chombo, haimtambulishi mtu. Ukiona kwamba kompyuta ya sebuleni, yenye 192.168.1.23, ilikuwa mtandaoni saa nane za usiku, hukujua ni nani aliyeketi mbele yake, wala kama aliyeketi alikuwa binadamu. Kompyuta hupakua masahihisho ya programu zake zenyewe wakati watu wamelala. Na kwa kuwa namba hukodishwa kwa muda, 192.168.1.23 ya leo inaweza kuwa chombo tofauti na 192.168.1.23 ya mwezi uliopita. Mzazi atakayemwadhibu mtoto kwa ushahidi wa namba pekee anaweza kumdhulumu.

Vilevile orodha ya ruta isigeuzwe kuwa darubini ya mume kumchungua mke, au mke mume. Orodha ile haisemi mtu ameandika nini wala amezungumza na nani, na anayeisoma kwa jicho la upelelezi atajaza mapengo kwa mawazo yake. Tumekatazwa kupelelezana kama tulivyokatazwa dhana. Lililo bora ni kuihesabu nyumba hadharani, wote wakiwapo, karatasi ikiwa mezani.

Kwa watoto wadogo, ulezi ni wajibu wala si upelelezi, na ruta husaidia. Ukishaijua anwani ya kishikwambi cha mtoto, ruta nyingi hukuwezesha kukiwekea saa, kwa mfano kisipate intaneti baada ya saa tatu za usiku. Ipo pia huduma isiyolipiwa ya kampuni ya Cloudflare inayozuia sehemu kubwa ya kurasa chafu. Katika mipangilio ya ruta, sehemu iitwayo DNS, huwekwa 1.1.1.3 na ya akiba 1.0.0.3. Hata hivyo ni uzio, si mlinzi. Mtoto akitumia bando la simu, uzio huo haupo. Maongezi ya mzazi na mwanawe hayana mbadala.

Anayekupigia simu na kusema "tunaijua IP yako"

Kuna ulaghai unaowatisha watu wazima hasa. Mtu hupiga simu, hujitambulisha kuwa fundi wa kampuni kubwa, na kusema: "Kompyuta yako imeingiliwa, anwani yako ni 192.168.1 na kuendelea." Mwenye kompyuta anatazama, anaona kweli namba yake inaanza hivyo, anaamini. Sasa wewe unajua kwamba nyumba nyingi mno duniani zina namba inayoanza hivyo. Ni sawa na mpiga ramli akuambiaye kwamba nyumbani kwenu kuna mlango. Kata simu. Usikubali kuweka programu yoyote unayoelekezwa, kwani kwa programu hiyo ndipo mlaghai huingia.

Na yule anayetishia kuwa ana anwani yako ya nje? Anwani hiyo huonyesha kampuni inayokuuzia intaneti na eneo kwa makadirio, haionyeshi chumba chako. Kampuni nyingi huigawa kwa wateja wengi kwa wakati mmoja kutokana na uhaba tulioueleza. Kampuni yenyewe ndiyo yenye kumbukumbu za nani alitumia ipi na saa ngapi, na huzitoa kwa vyombo vya sheria. Kwa hiyo usimwogope mtishaji, lakini pia usidhani kwamba mtandaoni hakuna anayeonekana.

Kazi ya juma hili

Tunapendekeza kila nyumba itenge nusu saa baada ya asri siku ya mapumziko. Kijana anayejua kompyuta apewe uongozi, na wakubwa wakubali kufundishwa. Andikeni katika daftari moja: anwani ya ruta, orodha ya vyombo vyote na wenyewe, na tarehe. Badilisheni nenosiri la kuingilia ndani ya ruta ikiwa bado ni lile la kiwandani, kwa sababu la kiwandani huwa rahisi kukisiwa. Hakikisheni ulinzi wa Wi-Fi ni WPA2 au WPA3. Lifunikeni lile nenosiri lililobandikwa ukutani sebuleni, ambalo kila mpita njia hulisoma dirishani.

Daftari hilo liwekwe mahali ambapo wote wanapajua. Bando litakapokwisha tena kabla ya wakati, litazameni kwanza. Iwapo baada ya kuhesabu imebainika kwamba aliyelaumiwa hakuwa mkosaji, mwenye kulaumu amwendee mwenyewe, amwombe radhi mbele ya walewale waliosikia lawama, na amrudishe mezani.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.